Mtungi wa Mbele

Watu wa mjini wakiniuliza kazi yangu ni nini, huwaambia ni kutukanwa kwa niaba ya serikali. Wao hucheka, mimi sicheki. Kwa cheo mimi ni msimamizi wa wadi, mtumishi wa kaunti, na wadi yenyewe iko bara ya Kilifi, mbele ya Vitengeni, kule ambako lami imeshakwisha na vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye sukari. Mwisho wa juma narudi kwangu Kibarani. Siku za kazi nimepanga chumba nyuma ya duka hapo kituoni. Mimi ni mtoto wa Malindi mjini, na siku nilipoambiwa napelekwa bara mama yangu alilia utadhani nachukuliwa vitani. Nikamwambia, mama, ni hapo tu. Nilikuwa sijui nisemalo.

Ofisi yangu ina meza, bendera, muhuri, na pikipiki ambayo mara nyingi haina mafuta. Ng'ombe wa mtu akila mahindi ya jirani, njoo kwa mama. Mke akikimbia, njoo kwa mama. Ndovu wakivuka, njoo kwa mama, kana kwamba mimi ndiye niliyewazaa. Ukuta kwa ukuta na mimi ni ofisi ya naibu wa chifu, mwanamume wa hapo hapo, Mgiriama, mpole, mwenye tabia ya kukohoa kabla ya kusema jambo baya. Yeye ni wa serikali kuu, mimi ni wa kaunti. Mwananchi haijui tofauti hiyo, na kwa nini aijue? Maji ni yangu, mahindi ya msaada ni yake. Zahanati ni yangu, usalama ni wake. Mtu akija na kiu na njaa kwa pamoja, inabidi tumgawane.

Wazee walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Sisi tembo wawili hatukuwa na nguvu hata za kupigana. Nyasi zilikauka zikitutazama.

Na zilikauka kweli. Mwaka ule masika yalipita juu kwa juu, na vuli haikujisumbua hata kupita. Kisima cha karibu kikawa chumvi tupu. Maji yaliyobaki yalikuwa ya aina mbili. Kulikuwa na bwawa, mbali, njia ya vichaka vya miiba isiyo na kivuli, na maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa. Na kulikuwa na tangi jeusi la plastiki kando ya uwanja wa shule, limewekwa juu ya jukwaa la saruji, lenye bomba moja chini, ambalo lori la maji la kaunti lilitakiwa kuja kulijaza kila juma. Lori likija, ni serikali imeleta. Lisipokuja, ni mimi.

Asiyejua angepita pale akadhani mitungi imetupwa. Mitungi ya plastiki ya manjano, mstari mmoja, kutoka bombani mpaka kwenye goli la uwanja, na hakuna mtu. Mwanamke wa kule haketi juani kutwa kumngojea dereva ambaye pengine bado amelala. Anauweka mtungi wake kwenye mstari, anauacha na alama yake, kitambaa au tone la rangi, anaenda zake kupika na kunyonyesha. Mtungi ukishika nafasi ni wewe mwenyewe umesimama. Kuuruka ni kumtukana mwenyewe. Kuurudisha nyuma ni kesi, na kesi za namna hiyo nimeamua nyingi kuliko za mashamba. Wanawake wawili walipopigana mpaka mmoja akang'oka jino, kamati ya maji ikakaa chini, ikaweka kanuni: nyumba moja, mtungi mmoja. Nikaibariki kanuni hiyo mbele ya watu wote nikiwa nimesimama juu ya kiti, na nikapigiwa vigelegele. Ni mara chache sana mimi kupigiwa vigelegele.

Alikuwako mwanamke mmoja ambaye hakunipigia. Mrefu, mwembamba, mwenye mwanya, mama wa watoto wadogo na msichana mmoja aliyekuwa ameanza kuvunja ungo. Mumewe alikuwa Junju akikata mawe ya kujengea, akija nyumbani kwa nadra. Alikaa na mavyaa wake, mama wa mumewe, kikongwe ambaye macho yalikuwa yamemwacha, na mtaa mzima ulimwita hawe, yaani nyanya kwa lugha yao. Mwanamke huyu alikuwa na mdomo. Alinisema mavazi yangu, mwendo wangu, hata namna ninavyoruka mavi ya mbuzi. "Mama," aliniambia siku moja mbele ya kadamnasi, "wewe unatembea hapa kwetu kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea." Nilikasirika, halafu nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nilimpenda. Mtu anayekutukana usoni kule kwenye kazi yetu ni zawadi, maana wengine hukutukana ukishageuka.

Juma moja lori halikuja. Klachi ilikuwa imekufa njiani. Lori jingine lilikuwako, zima, la serikali kuu, lakini halikuwa na ruhusa ya kulijaza tangi la kaunti. Nilipiga simu mpaka salio likaisha, nikakopa, nikapiga tena, nikaambiwa nisubiri, nikasubiri. Yule mwanamke mwenye mwanya mtungi wake ulikuwa wa mbele kabisa, wa kwanza, kwani alikuja alfajiri kabla ya wenzake. Alingoja mpaka jua likakaza. Halafu akawaambia wenziwe wamwangalizie nafasi, yeye anakwenda bwawani mara moja tu kuwatafutia watoto maji ya kupikia. Akaazima ndoo ya jirani. Mtungi akauacha umesimama palepale.

Hakurudi. Yule bintiye mkubwa ndiye aliyemfuata mchana, na ndiye aliyemkuta, chini ya kichaka kando ya njia. Hospitali walisema moyo na joto. Majirani walisema mengine, kama kawaida ya majirani. Tukamzika nyuma ya nyumba yake, na kwenye kaburi tulisimama wote wawili, mimi na naibu wa chifu, tukatoa pole za serikali. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Lori lilikuja baada ya mazishi. Mzee wa kijiji, ambaye ndiye mwenye ufunguo wa bomba, alifungua kufuli, akaita kama anavyoita siku zote: "Wa kwanza."

Kimya. Mtungi wa mbele ulikuwa wake.

Mzee akangoja. Hakungoja kama mtu aliyesahau. Aliangalia upande wa njia ya bwawani, akangoja kama unavyomngojea mtu unayemwona anakuja kwa mbali. Kisha akasema, "Wa pili," na mwanamke wa pili akaja, akaupitisha mtungi wake pembeni ya ule bila kuugusa. Kwenye foleni yao ndivyo ilivyo: asiyekuwepo huachwa, lakini nafasi yake haiondoki. Juma lililofuata ikawa vilevile. "Wa kwanza." Kimya. Upepo ukiuangusha, kuna mtu atauinua. Mbuzi akiusukuma, kuna mtu ataurudisha. Mimi mtumishi wa serikali nilikuwa nasimamia foleni ambayo wa kwanza wake ni maiti.

Niliwaambia wautoe. Wanawake walinitazama bila hasira, wakanihurumia, na hilo ndilo lililonikera. Mmoja wao, mtu mzima, akanivuta kando. "Mama, sisi mtu tunamlilia mara mbili. Ya kwanza ni ya kumfukia. Ya pili ni ya kumuaga. Siku hiyo ndipo vitu vyake vinagawanywa, na yeye anaambiwa nenda salama. Kabla ya hapo kilicho chake ni chake."

"Basi muageni."

"Kwa chakula gani? Matanga yale ni ya kulisha watu. Yanangoja mavuno. Umeona mavuno?"

Nilitazama mashamba yaliyotuzunguka, mabua ya mwaka juzi yamesimama kama mifupa ya samaki. Kwa hesabu yao, mvua isiponyesha mahindi hayaivi, mahindi yasipoiva matanga hayafanywi, na matanga yasipofanywa yule mwanamke hajaenda popote. Yuko foleni.

Ningeliweza kuyaacha hayo yawe mambo ya mila, nikaendelea na yangu. Lakini nyumba ile sasa ilikuwa haipati maji. Nyumba moja, mtungi mmoja, na mtungi wa nyumba ile ulikuwa umeshika nafasi tayari, mbele ya wote, tena haugusiki. Nilimwendea mzee wa kijiji nikamwambia avunje kanuni. Akaniuliza kwa adabu kama niko tayari kuivunja kwa kila nyumba yenye marehemu ambaye hajaagwa, kwa sababu siku hizi ni nyingi. Nikaenda kwa hawe mwenyewe. Nilimkuta amekaa mkekani, nikampa shikamoo yake, akaipokea, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "nikiweka mtungi mwingine, huo wa mkazamwanangu nitauambia nini? Nimwambie ondoka? Mimi siwezi kumfukuza. Alikuwa akinipikia."

Basi maji ya nyumba ile yakawa ni ya bwawani. Na aliyeyaleta ni yule msichana. Dirisha la ofisi yangu linatazama njia hiyo, na kila siku nilimwona akipita na ndoo kichwani, sare ya shule bado mwilini, siku nyingine wakati ambao alitakiwa kuwa darasani. Anapita wima, haraka, haangalii kando. Jua lilelile, njia ileile, kichaka kilekile. Kuanzia hapo sikutaka lolote kwenye wadi ile, si barabara, si soko, si zahanati, kuliko kitu kimoja: yule mtoto asiipite tena ile njia.

Sikuwa nikilala vizuri, lakini usiku si neno. Mambo yalinijia mchana kweupe. Nilikuwa benki, mjini Kilifi, nimepanga mstari na watu, karani akaita anayefuata. Nilikuwa mimi. Miguu ikakataa. Nilisimama pale nikingoja aliye mbele yangu aende kwanza, na mbele yangu hapakuwa na mtu. Bwana mmoja nyuma yangu akaniambia, "Dada, nenda basi." Nikamwambia, "Ngoja, yuko njiani." Alinitazama vile watu wanavyomtazama mwehu. Nikatoka nje bila kufanya nilichoendea.

Mara nyingine nilialikwa semina Malindi, hotelini, kuhusu usimamizi wa maji vijijini. Kila mtu aliwekewa chupa ya maji baridi mezani, jasho la chupa linatiririka juu ya kitambaa cheupe. Mkufunzi, kijana mzuri wa bara, alituuliza changamoto kubwa zaidi kwenye wadi zetu ni ipi. Wenzangu wakataja mafuta, magari, bajeti, siasa, na wote walikuwa wakisema kweli. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Kuna mtu hajaondoka kwenye foleni." Wakacheka, wakadhani nasema mafumbo ya Kiswahili cha pwani. Kijana akaandika ubaoni: usimamizi wa foleni.

Nikajaribu kuutoa kwa mkono wangu. Ilikuwa adhuhuri, uwanja mtupu, watoto wamo darasani wanakariri. Nilijiambia mimi ni mtu mzima, ni Mwislamu, ni mtumishi wa umma, na huu ni mtungi wa plastiki. Nikaushika mkono wake. Ulikuwa wa moto kwa jua, na nilipouinua mdomo wangu ukasema wenyewe, "Samahani." Kumwomba mtungi samahani. Nikauweka chini polepole, nikaunyoosha ukae sawa na mwenzake, nikaondoka bila kugeuka nyuma, na jasho lote lile halikuwa la joto.

Siku hiyohiyo niliingia kwa naibu wa chifu bila kubisha.

"Yale mahindi ya msaada," nikamwambia.

Akakohoa. "Hayo ni ya walio hai, dada."

"Na hao watakaoyala kwenye matanga ni nini, mashetani?"

"Chakula cha msaada hakifanyiwi sherehe. Nitafukuzwa kazi."

"Mimi nina maji yasiyofika na wewe una mahindi yasiyoruhusiwa. Serikali mbili nzima, na marehemu mmoja ametushinda."

Nilitegemea anijibu kwa utani, maana sisi tumezoeana hivyo. Badala yake alichukua kofia yake mezani, akaitazama ndani kama kuna kitu amekipoteza humo. "Unajua siku hizi napita wapi nikienda nyumbani?" akaniuliza. "Nyuma ya vyoo vya shule. Mtu mzima na kofia ya serikali, nazunguka vyoo ili nisipite pale tangini. Nikipita namsikia mzee akiita wa kwanza hata kama bomba limefungwa."

Nikakaa chini. Kwa miezi nilidhani ni mimi peke yangu.

Alifanya jambo ambalo mimi nisingeliweza kulifikiria, kwa sababu mimi si wa kule. Mahindi ya msaada aliyagawa kama kanuni inavyosema, nyumba kwa nyumba, mbele ya macho ya watu. Halafu akavua kofia, akazungumza nao kwa lugha yao, kama jirani. Na wanawake wa foleni, kila mmoja kutoka mgao wake, akatoa kibaba kimoja kwa ajili ya kumuaga mwenzao. Watu waliokuwa wakila mlo mmoja kwa siku. Nilijifanya nimeingiwa na vumbi machoni.

Matanga yakafanywa mchana, madogo, bila ngoma kubwa. Mume akaja kutoka Junju, mikono imepasuka kwa mawe, akakaa pembeni asijue aiweke wapi. Hawe alishikwa mkono akatolewa nje, akagawa vitu vya mkazamwanawe kimoja kimoja kwa kuvipapasa: leso hii ya fulani, jembe hili la fulani, sufuria hii ibaki nyumbani. Mtungi ukaletwa kutoka kwenye foleni. Aliuleta yule mzee wa kijiji mwenyewe, ameubeba kwa mikono miwili. Hawe akaupapasa, akasema ni wa binti. Kisha wakamwambia marehemu aende salama, nao wakala, nami nikala nao, na moyo wangu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu ukatua. Nilisema, alhamdulillahi, sasa mtoto huyu atateka maji bombani kama watoto wa watu.

Lori lilipokuja tena nilitoka mapema nikasimama karibu na tangi, nimevaa vizuri kabisa, kama mtu aliyealikwa arusi. Nilitaka nisikie kwa masikio yangu mzee akiita wa kwanza na mtu anaitika.

Msichana akaja na mtungi. Nikamwonyesha pale mbele, nafasi ya mama yake. Hakwenda. Alinipa shikamoo, akapita, akaenda mpaka mwisho wa mstari, karibu na goli, akauweka.

"Kwa nini umwache aende nyuma?" nikamgeukia yule mama mtu mzima aliyenifundisha habari za matanga. "Nafasi ni ya nyumba yao."

"Ilikuwa ya mamake," akasema. "Mamake ameshaagwa. Mtoto akisimama pale, mzee akiita wa kwanza, mama, hapo ameitwa nani?"

Wenziwe wakaitikia kwa vichwa. Hawakuwa na ubaya hata kidogo. Walikuwa wakimlinda. Nikaona nikitia amri ya serikali pale nitakuwa namweka mtoto wa watu mahali ambapo wao wote waliogopa awekwe, na sikuthubutu. Nilijipa moyo kwamba maji yatamfikia.

Hayakumfikia. Lori lilikuwa limekuja na nusu, dereva akasema nusu nyingine imevuja njiani kwa mashimo, na naamini, maana mashimo yale nayo ni yangu. Bomba lilianza kukohoa mstari ukiwa bado mrefu. Likatoa uzi mwembamba, likatoa matone, likanyamaza. Wanawake walioteka waliangalia chini. Mmoja alimmiminia msichana kata moja kwa ajili ya hawe, na mwingine akaongeza, naye msichana akayapokea kwa mikono miwili akashukuru. Akampelekea nyanya yake. Muda si muda nikamwona anapita tena, mtungi mtupu kichwani, ameshika ile njia.

Hasira niliyokuwa nayo sijui niielezeje. Nilitaka kumpiga dereva, nilitaka kuipiga bendera. Nikamkimbilia mtoto na viatu vyangu vya ofisini. "Ngoja," nikamwambia. "Huendi peke yako leo."

"Usijali, mama. Njia naijua."

"Najua unaijua. Twende."

Tukaenda. Sikuwahi kuipita njia ile kwa miguu tangu nianze kazi. Nikaiona inavyopanda bila kukuambia kwamba inapanda, na jinsi miiba inavyokuachia nafasi ya mtu mmoja tu, kwa hiyo yeye alitangulia nami nikafuata, nikihema. Tulipofika kwenye kichaka kimoja, si kikubwa, hakina lolote la kukitofautisha na vingine, akasimama. Akatua mtungi. Nikajua pale ni wapi.

"Shikamoo mama," akasema, akikiambia kichaka. Hakusema kwa kilio wala kwa woga. Alisema kama mtoto anayepita jikoni asubuhi. Akangoja kidogo, kiasi cha mtu kujibiwa marahaba. Kisha akajitwika mtungi tukaendelea.

Bwawani alisafisha uso wa maji, akachota pasipo na matope mengi, akauwahi mtungi kabla sijauinua mimi. Nilimwomba tupokezane, akakubali shingo upande. Tuliporudi pale kichakani akasimama tena, safari hii akapiga magoti. Akainamisha mtungi, akakinga kiganja, akamimina maji chini ya kichaka taratibu, pahali pamoja, mpaka udongo ukabadilika rangi. Niliona pale palivyokuwa pameota majani mabichi, upana wa kawa ya kufunikia chakula tu, katika nchi nzima iliyokauka.

"Hii ya nini, mwanangu?" Nilijua ni swali la kijinga.

"Mama hakufika bwawani," akasema. "Watu wanasema alikuwa akirudi. Mimi ndiye niliyemkuta. Alikuwa akienda."

Katika muda wote ule, na pole zote zile, hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza.

"Lakini si tumemuaga?" nikasema. "Si ameshakwenda?"

"Amewaaga ninyi watu wazima."

Nikamwambia nitahangaika, nitakwenda mpaka Kilifi nikalale mlangoni mwa wakubwa, nitahakikisha lori linakuja kila juma, linakuja limejaa, na yeye hatahitaji tena kuja huku. Nilisema kwa moyo wangu wote. Alinisikiliza kwa adabu, akaupangusa mdomo wa mtungi kwa kiganja.

"Hata likija kila siku, mama, mimi nitakuja," akasema. "Lori haliwezi kufika hapa."

Mimi ni Mwislamu, na najua wazee wangu wa Malindi wangesema nini. Nilipiga magoti kwenye mchanga karibu naye, nikakinga viganja. Akanimiminia kidogo. Nikamletea mamake maji.